Gitaa Zima Liko Kwenye Mikebe

Mimi sijawahi kuona gitaa zima la miaka ya 1950 hapa Machakos. Shingo nimeona, zimekwaruzwa na vidole vya watu watatu wanne tofauti. Madaraja nimeona, yamebanduliwa na bado yana gundi ya zamani, ngumu kama sukari guru. Mgongo mmoja niliukuta sokoni umefanywa trei ya kuanikia njugu. Lakini gitaa zima, la kutundika ukutani na kusema "hili ndilo lilipigwa wakati ule", sijaliona.

Ukiuliza historia ya gitaa Ukambani iko wapi, wengi watakuambia iko kwenye santuri. Nakubali nusu. Sauti iko kwenye santuri. Vyombo vyenyewe vilienda njia nyingine. Gitaa lilipopasuka tumbo, shingo yake ilihamia gitaa la jirani. Shingo ilipopinda, vikazio vya nyuzi vilihama. Nyuzi zilipokatika na pesa hakuna, waya wa breki ya baiskeli ulifunguliwa, ukachambuliwa uzi mmoja mmoja, gitaa likaimba tena Jumamosi. Kila gitaa lilikufa ili lingine lipone. Kilichobaki ni vipuri, na vipuri viko kwenye mikebe ya Kimbo chini ya vitanda vya watu.

Mimi hutengeneza magitaa. Si kazi ya kunilisha. Ni ya wikendi, kwenye chumba kimoja ninachokodisha hapa mjini, nusu kitanda nusu karakana. Kati ya gitaa moja na lingine hupita hata mwaka mzima, kwa sababu rent haingoji na mbao nzuri haiji kila siku. Mwaka huo wote vipande vinangoja. Watu wakisikia "fundi wa gitaa" wanawazia randa na msasa. Ukweli ni kwamba sehemu kubwa ya maisha ya gitaa kabla halijazaliwa ni kuwekwa. Na jinsi linavyowekwa huamua kama litazaliwa au litabaki takataka.

Hilo la kuweka, Machakos ina historia yake.

*

Mji huu ni mkubwa wa Nairobi kwa umri. Waingereza walipiga kambi yao hapa miaka ya 1880, wakalishindwa jina la Masaku, kiongozi wa Kikamba, wakalitamka hadi likawa Machakos. Kwa muda ilikuwa ndiyo boma lao kubwa la bara. Halafu ikaja reli. Ilipita mbali na mji, ikafika Nairobi mwaka wa 1899, na makao ya serikali yakaifuata. Tangu siku hiyo mtu wa Machakos akitaka kitu kilichotoka meli, anapanda gari na kwenda zaidi ya kilomita 60.

Hiyo safari ina maana kubwa kwa gitaa. Gitaa lina vitu vidogo ambavyo hakuna duka la hadware litakuuzia: freti, vile vijiti vya chuma vinavyokatiza shingo, vikazio, kile kipande cha mfupa kinachoshikilia nyuzi juu ya shingo. Leo unaweza kuagiza kwa simu. Mwaka wa 1955 ungefanyaje?

Vita vya Pili vya Dunia viliharakisha gitaa kusambaa Kenya. Fundi Konde, kijana wa pwani, alikuwa jeshini na akawa katika kikundi cha wanamuziki waliotumbuiza askari wa Afrika Mashariki huko Asia. Aliporudi alikuwa miongoni mwa Wakenya wa kwanza kushika gitaa la umeme. Katika jeshi hilo la King's African Rifles, Wakamba walikuwa wengi kupita kiasi cha idadi yao nchini; Waingereza walipenda kuwaandikisha. Vijana wa Machakos walifika Burma, walisikia muziki wa dunia nzima kwenye gramafoni za kambini, na wakarudi nyumbani na mshahara na masikio mapya.

Kutoka hapo hadithi inajulikana zaidi. Mwaka wa 1982 John Low, mpiga gitaa Mwingereza aliyekuja kujifunza kwa wapigaji wa huku, alichapisha historia ya gitaa la Kenya kuanzia 1945 hadi 1980 katika jarida la African Music. Wakati huo Kakai Kilonzo na Kilimambogo Brothers walikuwa wanatawala redio, kwa Kikamba na kwa Kiswahili, wakiwa na jina la ule mlima unaouona ukitoka Machakos kuelekea Thika. Kilonzo alifariki mwaka wa 1987. Nyimbo zake bado zinapigwa kwenye matatu za Masaku, na watoto waliozaliwa juzi wanaziimba.

Lakini hebu soma historia yoyote ya muziki wetu. Utapata majina ya wapigaji, ya bendi, ya studio za River Road. Gitaa lenyewe hutajwa kama hewa: lilikuwepo tu. Nani alilirekebisha? Lilitoka mti gani? Shingo ile ilikuwa ya nani kabla? Majibu hayako kwenye vitabu. Yako kwenye mikebe, na mikebe haina maandishi.

*

Ukambani ni nchi ya ukame, na Wakamba huupa kila ukame mkubwa jina. Ule wa mwisho wa karne ya 19 unaitwa Ngomanisye, ulioenea kila mahali. Mmoja wa miaka ya 1980 unaitwa Nikw'a Ngwete. Maana yake: nafa nikiwa nazo mkononi. Pesa ulikuwa nazo. Chakula cha kununua hakikuwepo.

Sijasikia maneno yanayoeleza kipuri kilichokosekana vizuri kuliko hayo. Fundi yeyote ameishi Nikw'a Ngwete yake ndogo: pesa mfukoni, gitaa mezani, mteja mlangoni, na kile kikazio kimoja hakipatikani Machakos wala Nairobi.

Nchi ya namna hiyo hujifunza kuweka. Nyumba ya zamani haikukosa ghala lililoinuliwa juu ya nguzo, hewa ipite chini na unyevu wa ardhi usifike. Mahindi ya mbegu hayakuchanganywa na ya kula. Yalining'inizwa jikoni juu ya moto, moshi uyalinde. Hata maji huwekwa: kwenye mito ya msimu watu hujenga kizuizi cha zege, mchanga ujae nyuma yake, na maji yakae ndani ya mchanga ambapo jua haliyafikii. Kiangazi unachimba, unateka.

Ukiangalia vizuri, kanuni ni zile zile tatu. Inua juu ya sakafu. Tenganisha cha mbegu na cha kula. Ficha usoni pa jua. Nikianza kutengeneza magitaa nilisoma vitabu vya mafundi wa Ulaya na Marekani kuhusu kuhifadhi mbao, na nikakuta mambo ambayo shosho yeyote wa Mwala angekuambia bila kufungua kitabu.

Hata adui ni yule yule. Dumuzi, yule mdudu wa mahindi aliyegunduliwa Kenya kwa mara ya kwanza Taveta mwaka wa 1983, haishii kwenye mahindi. Anatoboa mbao pia. Ghala la mahindi likikaa ukuta mmoja na mbao zako, umempa nyumba na chakula. Mimi mbao zangu huzikagua kila mwezi kwa tochi. Ukiona vitundu vya ukubwa wa kichwa cha pini na unga mweupe chini yake, usibembeleze. Kipande hicho kinatoka chumbani siku hiyo hiyo.

*

Sasa mbao zenyewe.

Mti uliokatwa leo una maji zaidi ya asilimia 30 ya uzito wake mkavu. Chumba kikiwa na unyevu wa hewa wa kati, tuseme asilimia 45 hadi 50, mbao itakauka polepole hadi karibu asilimia 9 na kutulia hapo. Katika safari hiyo inanywea, na hainywei sawa pande zote: kufuata mzingo wa pete za mti inanywea karibu mara mbili kuliko kuelekea kiini. Ndiyo sababu ubao hupinda kama chapati iliyosahaulika kwenye kikaango. Uso wa gitaa ni milimita tatu hivi, na nyuzi za chuma zikikazwa huuvuta kwa nguvu ya kilo 70 na zaidi. Mbao ambayo haijatulia haiwezi kazi hiyo.

Wachongaji wa Wamunyu walilijua hili kabla yetu. Ufundi wao unaanzia kwa Mutisya Munge, ambaye Vita vya Kwanza vilimpeleka Tanganyika, akajifunza huko uchongaji, akarudi nao nyumbani. Kutoka kwa mtu mmoja ulikuja mji mzima wa wachongaji. Mchongaji hachongi siku moja akamaliza, na mti anaochonga mara nyingi ni mbichi. Kinyago cha nusu hakiachwi juani. Kinafunikwa kwa gunia au kuzikwa kwenye maranda yake mwenyewe, kikauke taratibu bila kupasuka. Kati ya leo na kesho kuna ujuzi. Watalii hununua twiga, lakini ujuzi wa kuweka hauuzwi barabarani.

Mimi napenda mukau. Ni mti wa Ukambani hasa, unavumilia ukame, mchwa hawauwezi kirahisi, na rangi yake inakaribia mahogani. Wazee walichonga mizinga ya nyuki kwa mukau. Taasisi ya utafiti wa misitu, KEFRI, imeufanyia kazi kwa miaka kituoni Kitui ili wakulima waupande kama zao. Kwa mgongo na mbavu za gitaa unafaa sana.

Ukipata ubao wake mbichi, jambo la kwanza ni ncha. Maji hutoka kwa haraka zaidi kwenye ncha za ubao kuliko ubavuni, kwa hiyo ncha hunywea kwanza na kupasuka. Zizibe kwa nta. Mimi hutumia nta ya nyuki ya hapa hapa, naiyeyusha kwenye sufuria ndogo ndani ya sufuria ya maji moto, napaka kwa brashi. Inanifurahisha kwamba mti uliokuwa mzinga sasa unalindwa na nta.

Pili, panga kwa vijiti. Kati ya ubao na ubao weka vijiti vya unene mmoja, vilingane wima kutoka chini hadi juu, hewa ipite pande zote mbili. Juu kabisa weka uzito. Mimi hutumia tofali mbili za nyumba iliyobaki nusu jirani. Tatu, tulia. Ubao wa sentimita 2.5 unataka karibu mwaka. Ukishapasuliwa kuwa vipande vyembamba vya uso au mgongo, haraka yake ya kunywa na kutoa unyevu huongezeka sana, kwa hiyo hivyo vembamba vinahitaji kulindwa zaidi ya ubao mnene.

Hapa kwetu shida si joto. Tuko juu, mita 1,600 hivi, kuna baridi ya Julai inayokulazimisha kuvaa sweta mbili. Shida ni kubadilika. Vuli huja Oktoba hadi Desemba, masika Machi hadi Mei, na katikati ni ukavu. Kipima unyevu changu, kale kadogo kanakotumia betri ya saa, husoma karibu 80 usiku wa Novemba na 35 mchana wa Februari. Kwa hiyo vipande vyembamba nimevifunga kwenye mfuko mzito wa plastiki, bapa, kati ya mbao mbili za plaiwudi, juu ya kabati mbali na dirisha na mbali na jiko. Na sigundishi kitu wakati wa mvua. Gitaa lililogundishwa Novemba litapasuka Februari, si mchezo.

Kuna sababu nyingine ya kuzitunza mbao. Februari 2018 serikali ilisimamisha ukataji wa miti katika misitu ya umma, na marufuku hiyo ikakaa hadi Rais Ruto alipotangaza kuiondoa Julai 2023. Miaka mitano. Yule aliyekuwa na rundo lake limepangwa vizuri aliendelea kufanya kazi. Yule aliyekuwa na pesa tu alijua maana ya Nikw'a Ngwete.

*

Nilijifunza upande wa chuma kwa mzee mmoja aliyerekebisha redio karibu na stendi. Redio ndizo zilimlisha, lakini wapigaji wa benga walimletea magitaa na vipaza sauti tangu miaka ya 1970. Nilipita kwake mara nyingi kutafuta freti. Siku moja nikamuuliza kwa nini anaweka vikazio vilivyovunjika. Akaniangalia kama nimetukana mtu.

"Kijana, hii si takataka. Hii ni gitaa imelala tu."

Kutoka kwake nilijua kila kitu kina jirani yake na adui yake. Vikazio huwekwa kwa jozi, screw zake zikiwa zimefungwa kwenye karatasi ile ile, kwa sababu screw moja ndogo ikipotea utatoboa tundu jipya na kuharibu kichwa cha shingo. Kabla ya kuwekwa hupanguswa, maana jasho la vidole lina chumvi na chumvi hula chuma. Tone la mafuta ya cherehani, basi. Freti nyingi ni mchanganyiko wa shaba, nikeli na zinki, hazishiki kutu ya chuma, ila zikipindwa vibaya hazirudi; ziweke zikiwa na mzingo wake kwenye kopo la duara. Nyuzi mpya ziache kwenye pakiti zake. Vile vipakiti vidogo vya silika vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu, usitupe. Viwili ndani ya mkebe unaofunga vizuri vinakaza ukavu, na vikichoka unavikausha juu ya jiko lenye moto mdogo.

Pikapu, na simaanishi ile ya kubebea makaa, ni sumaku iliyozungushiwa waya wa shaba maelfu ya mara. Waya wenyewe ni mwembamba kuliko unywele wako. Bisibisi ikiteleza mara moja, sauti imeisha. Mzee alizifunga kila moja kwa kitambaa cha fulana, kisha kwenye kiboksi chake, na hakuziacha zigusane, kwa sababu sumaku mbili zikilazimishwa uso kwa uso hudhoofishana.

Na kuna jirani mbaya. Magitaa mengi ya zamani yana vipande vya seluloidi: lile bamba linalolinda uso, vishikio vya vikazio, mapambo. Seluloidi ikizeeka inaoza kutoka ndani. Inatoa mvuke wenye asidi ambao hula chuma kilicho karibu, na inashika moto kwa urahisi wa kutisha. Ukifungua mkebe ukasikia harufu kali ya kama kafuri, na chuma kimeota ukungu wa kijani, umempata mhalifu. Mtoe, mweke peke yake mahali penye hewa, mbali na moto.

Kilichonishangaza zaidi kilikuwa gundi. Mzee alipenda magitaa yaliyogundishwa kwa gundi ya ngozi, ile ya zamani inayochemshwa, kwa sababu ukiipa moto na mvuke inaachilia. Daraja linatoka bila kung'oa mbao. Gundi za kisasa za dukani nyingi hazikubali hivyo, ukibandua, unapasua. Yule fundi wa Ulaya aliyetumia gundi ya ngozi alikuwa anamwachia fundi mwingine mlango wazi, miaka 50 mbele, katika mji ambao hakuwahi kuusikia.

*

Mzee alifariki mwishoni mwa 2021. Januari 2022 binti yake alinipigia simu. Kibanda kilikuwa kinarudishwa kwa mwenyewe, na mnunuzi wa vyuma chakavu alikuwa amekubali kubeba kila kitu kwa kilo. Wiki hiyo hiyo Rais Uhuru Kenyatta alipiga marufuku biashara ya vyuma chakavu nchini, kwa sababu ya wizi wa vyuma vya nguzo za umeme na reli. Mnunuzi hakurudi. Marufuku iliondolewa Mei, lakini kufikia wakati huo mikebe 11 ilikuwa chumbani kwangu.

Ifikirie hiyo kidogo. Miaka karibu 50 ya magitaa ya Machakos ilinusurika kwa sababu watu wengine, mahali pengine, waliiba vyuma vya stima.

Nilipoifungua nikaelewa kilichopotea na kilichobaki. Vipuri vilikuwa safi, vimepangwa kama dawa hospitalini. Karatasi hakuna hata moja. Mzee alikuwa na orodha nzima kichwani: hiki kilitoka gitaa la fulani wa Kangundo, hii shingo ilipigwa harusi ngapi. Kichwa kilipoondoka, orodha ikaondoka nacho. Alitunza chuma kuliko jumba lolote la makumbusho, na bado nusu ya historia ilizikwa.

Linganisha na gitaa moja la bei ya chini lililotengenezwa Afrika Kusini, Gallotone Champion. Ndani yake lilikuwa na lebo iliyoahidi kwamba halitapasuka. Kijana mmoja wa Liverpool alikuwa nalo Julai 6, 1957, siku aliyokutana na Paul McCartney. Kijana huyo ni John Lennon. Mwaka wa 1999 gitaa hilo liliuzwa mnadani London kwa zaidi ya pauni 100,000. Kama mbao na sauti, ni gitaa la kawaida kabisa. Thamani yake yote iko kwenye uhakika kwamba ni lile lenyewe, lilikuwa mikono fulani, siku fulani. Na lebo.

Sheria ya dunia nayo imefika hapo hapo. Tarehe 2 Januari 2017 mkataba wa CITES uliweka jamii nzima ya Dalbergia chini ya udhibiti, mpingo wetu ukiwa ndani. Ghafla ubao mdogo wa vidole ulihitaji karatasi kuvuka mpaka kibiashara: mti gani, ulitoka wapi, lini. Kuanzia Novemba 26, 2019 vyombo vya muziki vilivyokamilika na vipuri vyake vilivyokamilika vilisamehewa kwa sehemu kubwa, lakini mbao mbichi za jamii hiyo hazikusamehewa. Fundi mwenye kipande cha mpingo kisicho na maelezo ana kipande kizuri ambacho hawezi kukitetea.

Kwa hiyo sasa kila kipande changu kina kadi. Si kitu cha kifahari. Ni karatasi ngumu ya boksi la viatu na penseli, kwa sababu wino hufifia na gundi ya stika huchafua mbao. Naandika mti au madini. Naandika vipimo kwa milimita. Naandika kilitoka wapi, nani alinipa na mwezi gani. Vile vya mzee nimeandika ninachokijua kwa hakika: kibanda cha stendi, Machakos, kabla ya 2022. Wapigaji wakongwe wakipita kwangu nawafungulia mikebe. Wengine hutambua kitu. Mmoja alishika daraja fulani, akanyamaza, kisha akasema, "Hili lilikuwa langu. Nilikata hapa na kisu." Nikamwomba asimulie, nikaandika.

*

Kuna msee mmoja, rafiki yangu anayefanya kazi ya makumbusho, aliniambia nisivitumie kabisa vipuri vya mzee. Vifungwe, vipigwe picha, vikae. Nimelifikiria sana hilo. Najua nikikifunga kikazio cha 1960-na-kitu kwenye gitaa jipya, kitachakaa, na siku moja kitavunjika. Lakini mzee hakuvitunza ili viangaliwe. Na ghala haliwekwi mbegu ili mbegu zihesabiwe. Mbegu isiyopandwa inakufa humo humo, polepole, ikiwa safi.

Nimekubaliana na nafsi yangu hivi. Kilicho peke yake, ambacho hakina mwenzake mikebe yote 11, hakitoki. Kilicho viwili au zaidi, kimoja kinabaki na kingine kinafanya kazi. Na hakuna kinachotoka kabla ya kupimwa, kupigwa picha na kuandikwa.

Hivi sasa nina gitaa la mukau linangoja. Mgongo na mbavu ziko tayari, uso uko bapa kati ya plaiwudi juu ya kabati, na kipima unyevu kinasoma 74, kwa hiyo siugusi hadi mvua iishe. Januari nitafungua mkebe namba 4 na kutoa bamba la vikazio lililokuwa na ndugu yake. Mahali lilipokuwa nitaacha kadi yake, nikiwa nimeongeza mstari mmoja chini: limehamia gitaa la mukau, Machakos, na tarehe. Atakayefungua mkebe huo baada yangu atajua pa kulitafuta.